Mume wangu anapenda picha za ngumi, mimi napenda hadithi. Tuangalie au tuache?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Tanga. Jumamosi watoto wakishalala huwa tunaangalia muvi moja, na safari hii zamu ya kuchagua ni yake. Amechagua Ong-Bak, ya Thailand. Nimesoma inahusu nini: sanamu ya kijijini imeibiwa kichwa, kijana anakwenda mjini kukirudisha, basi. Hata walioisifia wanakiri hadithi ni mbovu. Mimi muvi naifuata kwa hadithi yake. Nikiona haina mbele wala nyuma nasinzia, na nikisinzia mwenzangu ananuna. Wiki chache nyuma alinikalisha karibu saa tatu kwenye muvi ya maroboti, na mpaka leo sijui nani alikuwa anamtaka nani. Je, picha ya mapigano yenye hadithi mbovu ina faida yoyote kuangalia, au ni kuupoteza usiku?

JIBU: Marahaba dada yangu. Ong-Bak iangalieni. Ile ya maroboti, ungeniuliza kabla, ningekuambia ulale mapema. Mwalimu wa fasihi angezipa zote mbili alama za chini kwenye msuko, yaani mpangilio wa matukio, na bado moja ni usiku mzuri na nyingine ni adhabu. Mimi kazi yangu ni uhariri wa picha, nakaa mezani kukata na kuunga shoti ambazo wenzangu wamezileta kutoka lokesheni. Tofauti ya muvi hizo mbili nitakueleza kutoka kwenye meza hiyo, kwa sababu ndipo inapoonekana vizuri.

Watu wakisema muvi ina hadithi mbovu, mara nyingi wanatia kwenye kapu moja mambo ambayo hayafanani. Kuna hadithi nyembamba: mtu kaporwa, anakwenda kuchukua chake. Hiyo wala si kasoro. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ni msafara unaotoka ngomeni, unakimbizwa jangwani, unageuza, unarudi ulikotoka. Ukimsimulia jirani yako unamaliza mkiwa bado mmesimama mlangoni. Picha hiyo, ambayo sehemu kubwa ya jangwa lake ni la Namibia, ilichukua Oscar 6. Mwongozaji wake, George Miller, aliijenga kwa michoro kwanza, picha za mkono kama 3,500 zilizobandikwa ukutani, kwa sababu alichotaka kusimulia hakikuwa kitu cha kusemwa na wahusika. Kilikuwa kitu cha kuonekana. Ukiisoma hadithi yake kwenye karatasi utaona ufukara. Ukiiangalia, kila gari lina nia yake.

Kuna hadithi yenye matundu. Commando ya mwaka 1985, ya Arnold Schwarzenegger, ni mfano ambao wahariri tunachekeana nao mpaka leo. Kuna Porsche ya njano inayofukuzwa, inalaliwa ubavu, upande mmoja unabonyea wote. Dakika chache baadaye Arnold analiinua gari lilelile, analikalisha sawa, anaondoka nalo, na ubavu umepona kama limetoka dukani leo. Hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio. Tundu la namna hiyo mtazamaji analiruka kwa hiari, kwa kuwa anajua Arnold anataka nini (binti yake katekwa) na anajua saa inakimbia. Ukiwa na nia iliyo wazi na muda unaobana, unasamehewa mengi sana.

Halafu kuna hadithi iliyojifunga yenyewe, na hii ndiyo inayowalaza watu. Haina ufukara hata kidogo, ina vitu vingi mno. Kuna kifaa cha kale, kuna kampuni yenye siri, kuna serikali inayowinda kifaa, kuna msaliti, kuna baba asiyeelewana na binti, na kila baada ya dakika kumi watu wanasimama kuelezana kwa nini wako hapo. Mtazamaji anakazana kukumbuka. Mapigano yanapofika amechoka, na hajui tena afurahi kwa ajili ya nani. Ninavyokusikia, ile ya maroboti ilikuwa ya aina hii. Huna haja ya kujilaumu kwamba hukuielewa. Picha ya saa mbili na dakika arobaini ambayo haiwezi kukuonyesha kwa macho nani anamtaka nani, haijakutendea haki.

Kwa hiyo ukisikia "hadithi mbovu", uliza ubovu wenyewe ni upi. Wembamba si neno. Matundu tunavumilia, mradi picha inakimbia. Kuchanganyikiwa, mimi sivumilii.

Lakini hilo ni nusu tu. Wewe unasema muvi unaifuata kwa hadithi, na mwenzako, nadhani, anaifuata kwa ngumi. Mnavyobishana ni kama vile hivyo ni vitu viwili, na kwamba ngumi zikianza hadithi imesimama kusubiri. Kwenye picha mbaya ndivyo ilivyo hasa. Kwenye picha nzuri ya mapigano, hadithi inahamia ndani ya pigano lenyewe. Anayepigana anataka kufika mlango ule. Kati yake na mlango kuna watu wanne. Ana mkono mmoja mzima. Anaona kiti. Hapo tayari kuna nia, kizuizi, hasara na uamuzi, vitu vyote unavyovitafuta kwenye riwaya, ila hakuna anayesema neno.

The Raid, ya Indonesia, mwaka 2011, inaonyesha hili vizuri. Iliongozwa na Gareth Evans, mtu wa Wales aliyehamia huko, kwa fedha kama dola milioni moja na kidogo, ambazo Hollywood hazitoshi hata kulisha kikosi cha picha kubwa. Polisi wanaingia kwenye jengo la ghorofa jijini Jakarta, bosi wa majambazi anakaa juu, mambo yanaharibika, wapande au wafe. Marehemu Roger Ebert, mhakiki mkubwa wa Marekani, aliipa nyota moja. Alikerwa kwamba haina watu, ina vurugu tu. Namheshimu, na lalamiko lake nalielewa, hasa ukizingatia hatujui lolote kuhusu nusu ya wale polisi kabla hawajauawa. Ila nadhani alikuwa anawatafuta watu kwenye mazungumzo, na kwenye picha ile hawako huko. Kuna mhusika anaitwa Mad Dog, mfupi, nywele ndefu, mkono wa kulia wa bosi. Wakati mmoja amemshika kiongozi wa kikosi cha polisi kwa bastola. Angeweza kubonyeza tu, kazi ikaisha. Badala yake anamwingiza chumbani, anaiweka bastola kando, anamkabili kwa mikono mitupu, kwa sababu kumaliza mtu kwa risasi hakumpi raha. Kitendo hicho kimoja kinakueleza huyu ni mtu wa namna gani kuliko kurasa tatu za historia ya utoto wake. Na kila anaporudi baada ya hapo unamwogopa, maana unajua anaipenda kazi.

Sasa tuje kwenye picha yenu ya Jumamosi.

Ong-Bak ilitoka mwaka 2003, mwongozaji Prachya Pinkaew, steringi Tony Jaa, na mtu aliyepanga mapigano ni Panna Rittikrai, ambaye alikuwa mwalimu wa Jaa kwa miaka mingi. Iliuzwa kwa ahadi moja: hakuna waya wa kumning'iniza mtu, hakuna kompyuta, hakuna mbadala wa steringi. Enzi hizo picha nyingi zilikuwa zinaiga The Matrix, watu wanaelea hewani kwa kamba, kwa hiyo ahadi hiyo ilikuwa na uzito. Mapigano yenyewe ni ya muay boran, ngumi za jadi za Thailand, zenye magoti na viwiko vingi. Utaona kiwiko kikishuka juu ya kofia ya mtu na utajikuta umeshika kichwa chako.

Hadithi yake umeiandika vizuri na umeimaliza. Lakini kuna kitu kimoja ambacho waliokusimulia wamekiruka, nacho ndicho kinachoishikilia picha nzima. Kijana Ting amefundishwa ngumi na mtawa wa kijijini, na mtawa huyo hataki azitumie kupigana. Kwa hiyo tunaonyeshwa mapema kwamba anaweza, kisha tunanyimwa. Anatukanwa, haguswi. Anaibiwa pesa za kijiji, anazifuata mpaka kwenye ukumbi wa ngumi za kamari, anajikuta ulingoni bila kukusudia, anapiga goti moja, mwenzake yuko chini, naye anachukua chake na kuondoka. Pigo moja! Ukumbi mzima umeshika mdomo. Mwandishi wa riwaya akifanya hivyo, kumbana msomaji halafu kumwachia kidogo, tunamwita fundi. Hapa kwa sababu anayefanya ni goti la mtu, tunasema hadithi hakuna.

Angalia pia inavyoanza. Vijana wa kijiji wamejipaka udongo, wanashindana kupanda mti mkubwa kuchukua kitambaa kileleni, wanavutana, wanaangushana kutoka juu. Hakuna adui, hakuna kinachodaiwa. Lakini ile ni darasa la kwanza: inakufundisha macho yako kwamba kwenye picha hii mtu akianguka, ameanguka. Ukishaliamini hilo, kila kitu kinachofuata kinakuwa na gharama. Wenzetu wa Hollywood wanatumia mamilioni kutengeneza mji mzima unaoporomoka na wewe unaendelea kula karanga, kwa kuwa macho yako yanajua hakuna aliyeumia wala angeweza kuumia.

Kisha kuna mbio za vichochoroni mjini Bangkok. Hizi ukisinzia nitakushangaa. Ting anakimbizwa sokoni, anapita katikati ya vioo viwili vilivyobebwa, anapenya kwenye duara la seng'enge, anakanyaga mabega ya watu, anateleza chini ya gari linalotembea, miguu imepasuliwa huku na huku. Mwenzake Humlae, mtoto wa kijiji kilekile aliyegeuka tapeli wa mjini, anapita njia hizohizo na kila mahali ananasa. Hapo pana hadithi tena: wawili wametoka sehemu moja, mmoja mwili wake unajua la kufanya, mwingine mji umemlegeza. Kuna utani mmoja nitakuharibia kidogo tu. Humlae anaokota kisu cha bucha, anawatishia wanaomfukuza, nao wanarudi nyuma. Mara anapita mama muuza visu na karai lake. Yaliyobaki utayaona.

Na kuna mbio za bajaji. Naam, bajaji, kundi zima, zinafukuzana mpaka kwenye barabara ya juu ambayo haijamalizika kujengwa. Kwa mtu wa Tanga anayejua bajaji ikikata kona kwa kasi inafanyaje, sidhani kama inahitaji maelezo. Kwenye mbio hizo, kama mna macho makali, kuna nguzo imeandikwa salamu za kumwalika Steven Spielberg, mwongozaji wa Marekani, wafanye kazi pamoja, na kwingineko kwenye picha kuna ukuta wenye salamu kwa Luc Besson, mtengeneza picha wa Ufaransa. Spielberg sijasikia amejibu. Kampuni ya Besson ndiyo iliyokuja kuichukua picha hiyo na kuisambaza nje ya Asia, ikabadilisha na muziki.

Kitu kimoja kitakukera kama hujaonywa. Tukio kubwa likitokea, picha inalirudia, mara mbili au hata tatu, kutoka pembe tofauti, wakati mwingine taratibu. Kwa sheria tunazofundishana sisi wahariri hilo ni kosa, maana muda unarudi nyuma. Jackie Chan alilifanya kabla yao. Mwisho wa Police Story, mwaka 1985, anaruka kwenye nguzo ndani ya jengo la maduka huko Hong Kong na kuteleza nayo mpaka chini huku taa zilizoizunguka zikipasuka. Aliungua mikono kweli, na tukio hilo likaonyeshwa mara tatu. Wanafanya hivyo makusudi. Ni kama mfanyabiashara anayekuhesabia chenji mbele yako, noti moja baada ya nyingine, ili usije ukasema umepunjwa. Mtu ameweka mwili wake rehani kwa shoti ile; wanataka uone hakuna ujanja.

Nisikudanganye kwamba picha yote ni dhahabu. Katikati kuna kisa cha msichana Muay Lek na dada yake aliyezama kwenye dawa za kulevya, ambacho kinaingizwa, kinaliliwa, kinaachwa. Muay Lek mwenyewe amepewa kazi ya kupiga kelele zaidi ya kitu kingine, na ukinung'unika hapo nitakuwa upande wako. Bosi wa majambazi anakaa kwenye kiti cha magurudumu na kuongea kwa mashine iliyowekwa kooni, kana kwamba ulemavu wenyewe ni ushahidi wa ubaya. Hayo ni mapungufu ya kweli. Mume wako asikwambie eti huelewi picha za ngumi.

Sasa, utajuaje mapema kwamba muvi fulani ni ya aina ya Ong-Bak na siyo ya maroboti? Mimi huangalia mikato, yaani pale shoti moja inapokatwa na nyingine kuanza, na ingawa hii ni fani yetu, mtu yeyote anaweza kuipima akiwa kitandani. Subiri pigano la kwanza. Simamisha picha katikati yake, kisha jiulize: steringi yuko upande gani wa chumba, adui yuko wapi, mlango uko wapi? Kama unaweza kuonyesha kwa kidole, endelea. Kama huwezi, na si kwa sababu ulikuwa unaongea na simu, picha hiyo inakuficha kitu. Mara nyingi inaficha kwamba steringi hajui kupigana, au kwamba hapakuwa na muda wa kupanga pigano.

Mfano unaochekwa zaidi ni Taken 3. Liam Neeson, wakati huo ameshapita miaka 60, anaruka uzio wa waya. Tendo lenyewe ni la sekunde chache. Wakalikata mara zaidi ya kumi: mkono, kiatu, uso, uzio, mgongo, tena uso. Ukimaliza huna hakika kama ameruka au ameelezewa. Hapo hakuna anayeweza kusema "hadithi mbovu lakini mapigano mazuri", kwa sababu mapigano yenyewe hayakuonekana.

Usije ukadhani mikato mingi ndiyo dhambi. Fury Road ina mikato kama 2,700 ndani ya saa mbili, yaani wastani wa chini ya sekunde tatu kila shoti, na hupotei hata mara moja. Siri ni kwamba waliweka kitu cha muhimu katikati ya fremu karibu kila shoti, kwa hiyo jicho likikatiwa shoti mpya halihangaiki kutafuta. Kitu kipo palepale lilipokuwa. Aliyeikata ni Margaret Sixel, mke wa Miller, ambaye hakuwahi kuhariri picha ya mapigano kabla ya hiyo. Alipata Oscar yake. Mwongozaji Paul Greengrass naye alitikisa kamera kwenye picha za Bourne za 2004 na 2007, na ile ya 2007 ikapata Oscar ya uhariri. Tatizo lilikuja kwa waliomwiga mtikisiko wake na kuacha mpangilio uliokuwa chini yake.

Quantum of Solace, ya James Bond ya mwaka 2008, ilipatwa na yote mawili. Waandishi wa Hollywood waliingia kwenye mgomo Novemba 2007, picha ikaanza kupigwa Januari 2008 mgomo ukiwa bado unaendelea, mswada haujakaa sawa. Daniel Craig alikuja kueleza baadaye kwamba yeye na mwongozaji walilazimika kuandika vipande wenyewe, na akakiri kwamba yeye si mwandishi. Hapo ndipo hadithi nyingi za picha za mapigano zinapoharibikia, na mtazamaji hajui. Daraja la kulipuliwa limeshakodishwa, mji umeshafungiwa barabara, tarehe ya kutoka imeshabandikwa kwenye mabango, na kitu pekee kinachoweza kubadilishwa usiku wa kuamkia kazi ni maneno kwenye karatasi. Basi yanabadilishwa, kila usiku. Bado picha ingeokoka kwa mapigano yake, lakini zile mbio za magari za mwanzo zimekatwakatwa hivi kwamba gari la Bond na la wanaomfukuza huyatofautishi. Hadithi imepotea na macho pia yamepotea; hapo hakuna kilichobaki cha kununulia bando.

Kinyume chake ni Uganda. Mwaka 2010, mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha ambazo kwa maelezo yake hazikufika dola 200, bunduki za kuchonga na kuunga-unga, milipuko ya kompyuta ya nyumbani. Jina la picha ni swali, na picha inaisha bila kulijibu! Kwenye kipimo chochote cha msuko hiyo ni sifuri. Lakini watu wameiangalia dunia nzima, na nakala iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, anayetangaza, anayemtania steringi, anayemwonya mtazamaji kwamba sasa mambo yanaanza. Nakala isiyo na sauti yake ilipotea. Mimi naona bahati.

Sisi huku hilo tunalijua kabla ya yeyote kutuandikia. Waliokulia kwenye vibanda umiza waliziangalia picha za Kichina na Kiingereza miaka na miaka bila kujua mhusika anasema nini. Lufufu kwa upande wa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, walikaa juu ya picha hizo wakamtafsiria mtu, wakampa adui jina la kumdhihaki, wakaziba matundu ya hadithi kwa maneno yao na wakati mwingine wakaweka hadithi bora kuliko ya mwenye picha. Na picha zilizofaa kutafsiriwa, ukizichunguza, ni zilezile ambazo hata sauti ikizimwa unafuata. Ile iliyojifunga haitafsiriki. Mtafsiri atalazimika kusimama kila mara kueleza kampuni fulani inataka nini, na kibanda kitaanza kupiga miluzi.

Ndiyo maana kipimo changu kingine, cha haraka zaidi, ni kuzima sauti kwa dakika mbili. Kama bado unajua nani anamtaka nani, hadithi ipo, hata kama ni nyembamba. Kama picha inageuka watu wanaosogeza midomo halafu vitu vinavyolipuka, na huoni kinachounganisha, weka nyingine.

Kuna hali ambayo nakushauri uache hata kama mapigano ni mazuri, nayo ni uchovu. Picha hizi zinadai macho yaliyo wazi kuliko tamthilia. Tamthilia unaweza kuifuata kwa masikio huku unakunja nguo. Pigano ukikosa sekunde tano umekosa sentensi nzima. Kama Jumamosi hiyo umeshinda jikoni na wageni, mwambie ahamishie Jumapili mchana, na asikuonee.

Damu pia uizingatie. Ong-Bak ina mifupa inayovunjika na kuna mahali inatia kichefuchefu, ila The Raid ni kali mara kadhaa zaidi, na hiyo msiiangalie kabla hujahakikisha watoto wamelala kweli.

Basi fanyeni hivi. Tafuteni nakala yenye sauti ya Kithai na maandishi chini, achaneni na ile iliyoingizwa sauti za Kiingereza, kwa sababu utani wa Humlae unakufa humo. Simu mziweke mbali. Uipe mpaka mwisho wa zile mbio za vichochoroni. Kama hata hapo macho yanafumba, una ruhusa yangu kulala bila mtu kununa, na mwonyeshe aya hii. Zamu yako ikifika, kama utataka kumlipizia bila kumwumiza, mchagulie John Wick ya 2014. Aliyeiongoza, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa mbadala wa Keanu Reeves kwenye matukio ya hatari ya The Matrix, kwa hiyo mapigano mwenzako atayapenda. Na wewe utapata mjane, mbwa aliyeachiwa na marehemu mkewe, na hoteli ya wauaji yenye sheria zake, hadithi ya kukutosha mpaka wakati wa kulala.